Wawili Wanatosha

Kipaimara ndicho kilichotupunguza. Tulikuwa wasichana kumi na wawili tulioandikishwa kwenye ligi ya vijana ya mpira wa kikapu mjini Arusha, na watano kati yetu walikuwa darasa la kipaimara usharikani. Mchungaji alipotangaza kwamba mtihani wa mwisho wa darasa lile utafanyika Jumamosi, Jumamosi ile ile tuliyopangiwa kucheza nusu fainali na Kaloleni, hakuna aliyethubutu kwenda kumwomba asogeze siku. Kwetu Oldonyo Sambu unaweza kukosa shule na watu wakakuelewa. Kipaimara hukosi. Mbuzi ameshachaguliwa, shangazi ameshapeleka kitambaa cha gauni kwa fundi, na babu wa upande wa mama ameshaahidi kuja kutoka Longido.

Tukabaki saba.

Mimi nilikuwa nimepata kipaimara mwaka uliotangulia, ndiyo sababu nilikuwemo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mfupi kuliko wote, na kazi yangu ilikuwa kupandisha mpira na kuugawa. Nahodha wetu alikuwa mtoto wa baba yangu mkubwa, ninayemwita dada, msichana mrefu aliyelazimika kuinama kila alipoingia jikoni kwetu. Tulilelewa boma moja, tukachota maji pamoja, tukachapwa pamoja. Uwanjani hatukuhitaji kuitana. Nikitazama kushoto, alishajua mpira unakwenda kulia.

Shule yetu iko upande wa kaskazini wa Mlima Meru, upande ambao mvua huwa inausahau. Watu wa mjini wakitazama mlima wanaona kijani kibichi. Sisi tunaona mgongo wake, na upepo unaoshuka kutoka huko unaingiza vumbi mpaka kwenye chai. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo. Goli lilikuwa moja tu, ringi ya chuma aliyoichomelea fundi wa pale senta, ikafungwa kwenye nguzo ya mkaratusi. Mpira nao ulikuwa mmoja, na ukiudunda kwenye udongo ule unarudi unakotaka wenyewe, si unakotaka wewe. Kwa hiyo tulijifunza pasi kabla ya kujifunza kudunda, na tulijifunza kanuni kabla ya vyote viwili, kwa sababu watu kumi na wawili wenye mpira mmoja wana muda mwingi wa kukaa na kusikiliza.

Aliyetusikilizisha alikuwa mwalimu wetu wa Jiografia, Mchaga wa Machame aliyekuwa ameucheza mchezo huo chuoni. Tulimwita madam. Alikuwa mpole darasani, lakini ukija kwenye kanuni alibadilika. Alituuliza maswali njiani, kwenye foleni ya uji, hata akiwa amebeba madaftari ya kidato kingine. Umeshika mpira nje ya mstari, una sekunde ngapi za kuurusha ndani? Faulo ngapi ndiyo mwisho wako? Mchezaji anayetoka damu puani, anaruhusiwa kuendelea? Hapana, madam, anatoka mpaka damu ikatike. Vizuri.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilihusu kusimama. Alisema mchezaji akitangulia kufika mahali na kusimama kwa miguu yote miwili, mahali pale ni pake, kuanzia chini mpaka juu kabisa mikono yake inapofika. Mwenye mpira akija kumgonga kifuani, kosa ni la mwenye mpira. Alitufanyisha zoezi hilo mpaka tukalichukia. Unasimama, mikono juu, na mwenzako anakuja mbio kukuparamia, na hairuhusiwi kuinama, kusukuma wala kufumba macho. Mimi nilikuwa nafumba. Nilianguka chali kwenye lile vumbi mara nyingi sana, na madam akawa anasema, "Umeanguka vizuri, lakini umefumba. Rudia."

Kulikuwa na kanuni nyingine ya ligi yetu ile ya vijana, iliyotaka kila timu inaposafiri iwe na mzazi mmoja. Mara nyingi alikuja mama wa msichana mmoja aliyekuwa na duka. Lakini huyo mtoto wake naye alikuwa kipaimara, na mama hawezi kuwa sehemu mbili. Ndipo siku ya Alhamisi madam alipokuja nyumbani kwetu kwa miguu.

Baba alikuwa amekaa nje akichonga mpini wa jembe. Alimwona mwalimu anakuja akaacha kuchonga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Mtoto amefanya nini?"

"Hajafanya kosa. Nimekuja kukuomba wewe."

Akamweleza. Baba alijua nacheza, lakini alikuwa hajawahi kuja kutazama, na niliposema nyumbani kwamba nimechelewa kwa sababu ya mazoezi aliguna tu. Alikuwa mjumbe wa kamati ya malisho pale kwetu, mtu wa vikao, na hakupenda kutoa jibu kabla ya kuuliza maswali yake.

"Wanacheza wasichana peke yao?"

"Peke yao, baba."

"Wakigombana?"

"Kuna refa. Ni dada mmoja wa mjini. Na kuna kanuni, kila kitu kina kanuni yake."

"Na hizo kanuni, wenyeji wakifungwa, zinabaki vile vile?"

Madam alicheka. "Zinabaki."

"Hilo nitaenda kuliona mwenyewe," baba alisema, akarudi kuchonga mpini.

Tulishuka asubuhi kwa Noah ya kukodi, wasichana saba, madam, na baba kiti cha mbele na fimbo yake kati ya magoti. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya shuka. Wenzangu walinyamaza njia nzima kwa ajili yake. Tulipokaribia mjini aligeuka akatutazama, akasema kwa Kimaa, "Mbona mko kimya kama mnapelekwa hospitali?" Ndipo tukacheka, na baada ya hapo tukaimba mpaka Kaloleni.

Uwanja wa Kaloleni ulikuwa wa saruji, na mistari ya rangi nyeupe iliyopakwa karibuni. Kwetu saruji ile ilikuwa neema. Mpira ulidunda ukarudi mkononi kama umefungwa kamba. Wenyeji walikuwa kumi na wawili kamili, jezi za bluu mpya, na watu wao walijaa pande zote mbili, mafundi, wauza matunda, wanafunzi, akina mama na watoto mgongoni. Upande wetu kulikuwa na benchi moja, na pembeni yake akakaa baba.

Kocha wao alitutazama akatuhesabu kwa kidole. Alikuwa mwanaume mnene mwenye kofia, mkarimu, alitukaribisha maji. "Madam, wengine wako njiani?" aliuliza.

"Hawa ndio sisi," madam alijibu.

Refa alikuwa dada mwembamba mwenye nywele za kusuka, kijana kuliko nilivyotegemea. Alituita wote, manahodha na makocha mbele, akakumbusha kanuni za ligi. Kila mchezaji aliyepo benchini lazima acheze robo nzima moja kabla ya robo ya mwisho. Kila mtu acheze, hakuna aliyekuja kubeba chupa za maji. Kocha wa Kaloleni aliitikia kwa kichwa. Sisi tulitazamana. Sisi saba wote tulikuwa tunacheza kila siku. Wao walikuwa na wachezaji wanne au watano hatari kweli kweli, na wengine ambao, nisiwaonee, walikuwa wanajifunza.

Robo ya kwanza walileta wale hatari. Kulikuwa na msichana mmoja mkubwa, mwenye namba kumi mgongoni, anayekuja golini kama ng'ombe aliyeona maji. Hukumzuia, ulimpisha. Walituacha mbali kidogo, na watu wao wakaanza kuondoka kwenda kununua mahindi ya kuchoma.

Robo ya pili kanuni ikaanza kazi yake. Kocha wao alilazimika kuwapumzisha wale wakubwa na kuingiza wanaojifunza. Sisi tulikuwa wale wale, na tulikuwa tumeshaizoea saruji. Nilipandisha mpira nikampa dada, dada akafunga. Nikapandisha tena, safari hii kila mtu akamkimbilia dada, nikampa mwingine. Tulifunga mpaka watu wakarudi na mahindi yao mkononi kutazama. Robo ya tatu ikawa hivyo hivyo, maana walikuwa bado na watu wa kumalizia zamu zao. Tulipofika mapumziko mafupi ya mwisho tulikuwa tunaongoza kwa pointi kumi na tano, na madam alikuwa hatabasamu.

"Wanarudi wote sasa," alisema. "Na nyie mmechoka. Msitumie mikono. Mkichoka mnaanza kushika watu."

Alikuwa sahihi. Mmoja wetu alikuwa tayari ametegua kifundo cha mguu robo ya tatu, amekaa benchini na mguu juu ya begi. Tulibaki sita, na tulikuwa na faulo nyingi.

Robo ya nne sitaki kuisifia. Namba kumi alirudi na wenzake wanne, wamepumzika, wamekunywa maji, wana hasira. Kila walipokuja, sisi tulichelewa hatua moja, na ukichelewa hatua moja mkono unakwenda wenyewe. Filimbi. Msichana wetu wa kwanza akafikisha faulo tano akatoka analia. Akaingia wa akiba, na huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Filimbi. Akatoka wa pili. Tukawa wanne uwanjani. Muda kidogo baadaye, mwingine akagongwa puani na kiwiko, kwa bahati mbaya kabisa, aliyemgonga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba radhi. Damu ikamwagika kwenye jezi. Akatolewa mpaka damu ikatike, na madam akamkalisha chini, akambana pua kwa kitambaa. Tukawa watatu. Pointi kumi na tano zilishakuwa sita.

Kisha filimbi ikalia tena, na wa tatu wetu akaonyeshwa vidole vitano.

Uwanja ulikuwa na kelele, halafu taratibu kelele zikapungua, kwa sababu watu walianza kutuona. Jezi tano za bluu, na sisi wawili wa njano, mimi na dada, tumesimama karibu karibu kama wageni waliokosea nyumba.

Kocha wa Kaloleni akaenda kwa refa. Hakuwa na ubaya. Nadhani kweli alituonea huruma. "Refa, mchezo umeisha huu. Timu haipo tena."

"Timu ipo, kocha."

"Watu wawili?"

"Wawili wanatosha. Akibaki mmoja ndipo wanapoteza. Wakiwa wawili, tunacheza."

"Hata mimi sijawahi kuona."

"Mimi pia sijawahi kuona," refa alisema. "Lakini kanuni ndiyo hiyo."

Baba alikuwa amekaa jirani na mama mmoja wa Kaloleni, mama wa namba kumi mwenyewe, na tangu asubuhi alikuwa anamuuliza maana ya kila filimbi. Mama yule alimjibu kila swali huku akiwashangilia wa kwao. Baba akamuuliza, "Wamekubaliana nini pale?"

"Wanaendelea, baba. Wawili wenu na watano wetu."

"Na mtu akikosea tena?"

"Mmoja wao akifanya faulo moja tu, wamepoteza. Hata kama wanaongoza. Wote wawili wana nne."

Baba aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo aliposimama, na hakukaa tena.

Madam aliomba muda. Tulikwenda kwake, na wale watano walioko benchini wakatushika mabega, hata mwenye pua. Nilitegemea hotuba. Hakutoa.

"Msiguse mtu," alisema. "Watafunga, waache wafunge. Mkono juu, simameni wima. Uliposimama ni pako. Mpira ukiwa wetu, wewe rusha, wewe pokea. Una sekunde tano za kuurusha, usishtuke. Na ukikosa pa kurushia?"

Alinitazama mimi. Lilikuwa swali la foleni ya uji.

"Mgongo wa mpinzani," nilisema.

"Basi."

Dada alinishika mkono tukirudi. "Tuongee Kimaa," alisema. "Hawa hawakijui."

Walipewa mitupo miwili ya adhabu. Mmoja ukagonga ringi, wa pili ukaingia. Pointi tano. Mpira ulikuwa wetu, na mimi nikatoka nje ya mstari kuurusha. Watatu walimzunguka dada, wawili wakaja kunirukia mbele. Refa alikuwa anahesabu kwa mkono. Niliona dada amefunikwa kabisa, nikaona tu vidole vyake juu. Lakini mmoja wa wale wawili waliokuwa mbele yangu aligeuka kutazama dada yuko wapi, akanipa mgongo, karibu kiasi kwamba ningeweza kusoma lebo ya jezi yake. Nikaurusha mpira taratibu kwenye mgongo wake. Ukagonga, ukarudi. Nikaingia uwanjani nikaudaka nikaondoka nao.

Uwanja mzima ulipiga ukelele, nusu kicheko. Kocha wao akaita, "Refa, hiyo vipi?" Refa alikuwa anakimbia pembeni yangu na mkono ameushusha, maana yake tuendelee. Niliudunda mpira ule huku watu watano wananifukuza, nikazunguka, nikarudi nyuma, nikamsikia dada ananiita kwa Kimaa nigeuke kulia, nikageuka, na hapo mmoja akanishika jezi. Filimbi. Kosa lao. Mitupo miwili kwangu.

Sikumbuki wa kwanza ulikwenda wapi. Wa pili uliingia. Pointi sita, na watu wa Kaloleni, nakumbuka hili vizuri, walipiga makofi.

Wakatujibu mara moja. Walirusha kutoka mbali, ikaingia, ya pointi tatu. Tukarudi nje ya mstari, safari hii dada akaurusha, na hawakutupa mgongo tena. Walikuwa wamejifunza. Dada alitafuta, akatafuta, sekunde tano zikaisha. Filimbi. Mpira wao.

Tulikuwa tunaongoza kwa tatu, na muda ulikuwa umebaki kidogo sana. Namba kumi aliuchukua mpira juu. Nilijua anakuja. Mtu yeyote angejua. Dada alikuwa upande wa pili amesimama mbele ya wawili, mikono juu kama mtu anayeanika nguo. Njia ya katikati ilikuwa wazi, na kwenye njia hiyo hakukuwa na mtu zaidi yangu. Nilikimbia nikafika chini ya goli kabla yake. Nikageuka, nikapanga miguu, nikainua mikono.

Alikuja. Alikuwa na kasi, na alikuwa mkubwa, na angeweza kunikwepa lakini nadhani hakuamini kwamba nitabaki pale. Nilibaki. Sikufumba macho. Niliona kila kitu, bega lake, mkufu wake mdogo, hata alivyoshtuka dakika ya mwisho. Akanigonga kifuani, nikaenda chini, kichwa kikafika kwenye saruji polepole kama alivyotufundisha madam, na filimbi ikalia nikiwa bado naserereka.

Nikiwa pale chini nilijua kuna mambo mawili tu. Kama faulo ni yangu, ni ya tano, anabaki mmoja, tumepoteza. Kama ni yake, mpira ni wetu. Namba kumi naye alikuwa amesimama juu yangu, anahema, anamtazama refa. Wenyeji wote walikuwa wanadai kwa macho.

Refa alikuja mpaka pale nilipolala. Akaweka mkono mmoja nyuma ya kichwa chake, ngumi ya mkono wa pili akaielekeza upande mwingine wa uwanja. Kosa la mshambuliaji.

"Alifika kwanza," alimwambia namba kumi. Hakupaza sauti.

Nilisikia sauti moja tu upande wetu, na ilikuwa sauti ya mwanaume. Baba yangu, mjumbe wa kamati ya malisho, alikuwa amepiga fimbo yake chini kwenye saruji ya Kaloleni na kusema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe, "Naam. Hapo ni pake."

Namba kumi akaninyooshea mkono akanisimamisha.

Nikatoka nje ya mstari. Dada alijisogeza pembeni mwa duara, wakamfuata watatu. Nikamwambia kwa Kimaa, juu kabisa. Nikaurusha mpira juu kabisa, juu kuliko nilivyowahi kurusha, ukapanda ukaonekana kama hautashuka, na uliposhuka vidole vya kwanza vilivyoufikia vilikuwa vya dada. Akaudaka kwa mikono miwili akaubakiza huko huko hewani. Hakudunda. Hakugeuka. Alisimama na mpira juu ya kichwa chake, na wasichana watano wanaruka kumzunguka bila kuufikia, na watu wakaanza kuhesabu kwa sauti sekunde chache zilizobaki, wenyeji pia, sijui kwa nini, labda walishasahau wao ni wa nani. Honi ilipolia dada alikuwa bado ameushika.

Damu ya mwenzetu ilikatika tukiwa tunapeana mikono. Alikuja mbio na kitambaa puani akimwonyesha refa, "Imekatika, naweza kuingia," na refa akamkumbatia.

Mambo yaliyofuata nayakumbuka yote pamoja. Madam amekaa kwenye benchi peke yake, viatu amevua, anacheka bila sauti. Aliyetegua mguu anacheza kwa mguu mmoja. Mama wa namba kumi anamgawia baba mahindi ya kuchoma. Kisha nikamwona baba anavuka uwanja mzima na koti lake na fimbo yake, anaelekea kwa refa, ambaye alikuwa anakunja kamba ya filimbi yake. Nikaogopa. Sikujua anataka kusema nini.

"Shikamoo, baba," refa alisema.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamtajia kwao.

"Waambie nimekusalimia," baba alisema. "Waambie nimekuona ukisimama mbele ya watu wenu wote, ukasema kilichotokea. Kwetu kuna wazee wazima hawawezi."

Refa alitazama chini, halafu akamtazama. "Asante, baba. Yule aliyesimama pale chini ya goli ni mtoto wako?"

"Ni wangu," baba alisema. "Na yule mrefu ni wangu pia."

Jioni ile alisimulia boma zima, na alisimulia vibaya. Kwake tulikuwa wawili tangu mwanzo. Saa nzima, wawili kwa watano. Yeyo, mama yangu, alinitazama akaniuliza kwa macho kama ni kweli, nikatingisha kichwa hapana, akacheka, akamwacha aendelee. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho akamuuliza dada, "Na huo mpira uliushika muda gani?" Dada akasema, "Mpaka walipochoka kuhesabu."

Fainali tulicheza na Sombetini tukiwa kumi na wawili, wale watano wamerudi na kipaimara chao, wana nguvu na wana wivu. Tulishinda kwa urahisi kiasi kwamba matokeo siyakumbuki. Hakuna anayeniuliza habari za fainali. Hata leo, nikiwa mtu mzima ninayefanya kazi mjini, nikikutana na mtu wa Kaloleni wa rika langu ataniuliza kuhusu siku ya wawili. Namba kumi ni rafiki yangu. Bado anasema nilisogea kidogo. Sikusogea.

Mwaka uliofuata ligi iliitisha kikao cha makocha na wazazi kabla ya msimu. Baba alikwenda bila kuombwa. Mwenyekiti akasoma kanuni mpya: kuanzia sasa timu isiyofikisha wachezaji wanane siku ya mechi haitaruhusiwa kuanza. Watu wote ukumbini waligeuka wakatutazama. Ilikuwa kanuni yetu, ilitungwa kwa sababu yetu, na mimi na dada tulikaa wima kama watu wanaosomewa jina kanisani.

Baba akanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza. Wale wawili walikosea nini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kisha akamjibu kwa heshima. "Hawakukosea kitu, mzee. Ila watoto wanaumia wakiwa wachache. Tunataka wapumzishane."

Baba alifikiri. Alikuwa mtu wa vikao, alijua hoja nzuri akiisikia.

"Hiyo nimeikubali," alisema. "Tutaleta wanane."

Tulileta kumi na wanane. Ilibidi madam akaombe Noah ya pili.